Manahodha Wengi, Chombo Kimoja: Kuchanganya Tiba za Mazungumzo kwa Ugonjwa wa Nafsi ya Mpakani Mtaani Riruta

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku ya wakazi wa Nairobi, mtu ambaye hisia zake hupanda na kushuka kwa kasi, anayependa leo kwa moyo wote na kesho akachukia kwa moyo uo huo, huitwa majina mengi. Huambiwa ana kisirani, ana vituko, ana hasira za karibu, amerogwa au ana pepo. Ni nadra kuambiwa kwamba ni mgonjwa. Hata pale ambapo daktari ameutambua ugonjwa wenyewe, Kiswahili hakina jina moja lililokubalika la kumkabidhi mgonjwa aende nalo nyumbani. Makala haya yananuia kueleza jinsi tiba mbalimbali za mazungumzo zinavyounganishwa kumtibu mtu wa aina hii, na kuonyesha kwa nini muungano huo, ukiletwa katika mtaa kama Riruta, unahitaji kazi ya lugha kabla ya kuhitaji jengo wala gari la wagonjwa. Mada hii huenda ikaonekana ngeni katika jarida la Kiswahili. Hata hivyo, tiba inayotumia maneno badala ya sindano ni mada ya lugha, na wanafunzi wa lugha wana haki ya kuijadili.

Jina lenye utata

Ugonjwa unaozungumziwa ulipewa jina lake na mwanasaikolojia-changanuzi wa Marekani, Adolph Stern, mwaka 1938. Stern alikuwa na wagonjwa ambao hakujua awaweke wapi. Hawakuwa wamerukwa na akili, lakini pia hawakuwa kama wale wenye wasiwasi wa kawaida ambao walipata nafuu kwa kulala kitandani mwa daktari na kusimulia ndoto zao. Akawaweka mpakani. Jina hilo la muda likawa la kudumu, na mwaka 1980 likaingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Mwongozo huo hutaja dalili tisa na humtaka daktari aone angalau tano: hofu kuu ya kuachwa, mahusiano yanayoyumba kati ya kusifu na kudharau, kutojua nafsi yako ni ipi, pupa katika mambo yanayoweza kumwangamiza mtu, kujidhuru au kutishia kujiua, hisia zinazobadilika kwa saa, utupu wa moyo, hasira isiyodhibitika, na shaka za ghafla au hali ya kujihisi nje ya mwili nyakati za dhiki. Mwenye kupenda hesabu ataona kwamba kuna njia 256 za kutimiza sharti hilo la dalili tano au zaidi. Kwa hiyo wagonjwa wawili wenye jina moja la ugonjwa wanaweza kufanana kwa dalili moja tu. Jambo hili ni sababu ya kwanza ya kuchanganya tiba: ugonjwa wenyewe ni mchanganyiko.

Sasa jina hili litafsiriwe vipi? Baadhi ya wanaojaribu hutumia neno haiba, kwa kuwa ndilo ambalo vitabu vya saikolojia hulitumia kumaanisha jumla ya sifa za mtu. Ila mtu mwenye haiba, katika masikio ya Mswahili, ni mtu mwenye mvuto na heshima, na kumwambia mgonjwa kwamba anaugua haiba ni kumchanganya. Hulka na silika hazifai kabisa, maana mtu huzaliwa nazo na huzikwa nazo. Neno lenyewe linamwambia mgonjwa asihangaike kutafuta tiba. Utu nao ni hatari zaidi, kwa sababu mwenye kasoro ya utu si mgonjwa bali ni mtu mbaya. Makala haya yanapendekeza nafsi. Neno hili linabeba maana ya mtu mwenyewe, ndani yake, bila kumhukumu. Isitoshe, mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba nafsi huja tatu, na maelezo mengi ya ugonjwa huu yanakubaliana katika jambo moja: mgonjwa huipata nafsi yake ya kwanza kupitia nafsi ya pili. Maadamu yupo wa kumwambia "wewe", yeye yupo. Huyo akiondoka, "mimi" naye huyeyuka.

Kwa nini mtu huwa hivi? Maelezo ya Marsha Linehan, ambaye atarejelewa kwa kirefu hapa chini, ndiyo yanayotumika zaidi. Kwa maoni yake, kuna watoto wanaozaliwa na ngozi nyembamba ya hisia: huumia haraka, huumia sana, na huchukua muda mrefu kutulia. Mtoto wa aina hiyo akilelewa mahali ambapo hisia zake hubatilishwa, akilia anaambiwa hana sababu ya kulia, akiogopa anaambiwa anajifanya, hukua bila kujifunza kuitambua hisia yake wala kuituliza. Hujifunza tu kwamba kilio cha kawaida hakisikiki, na kwamba kilio kikubwa mno husikika. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na mtu huyu ameng'atwa mapema na mara nyingi.

Mgonjwa mmoja, matabibu wanne

Riruta ni wadi ya eneo bunge la Dagoretti Kusini, magharibi mwa Nairobi, jirani na Kawangware. Nyumba za ghorofa za kupangisha zimepandana na vyumba vya mabati, na kando ya Barabara ya Naivasha saluni, vibanda vya mboga, makanisa na maduka ya dawa hupakana ukuta kwa ukuta. Achukuliwe mwanamke wa kubuni, mwenye umri wa miaka 24, msusi katika mojawapo ya saluni hizo. Jioni moja mpenzi wake hapokei simu. Kufikia saa tatu usiku amempigia mara thelathini. Ujumbe wa kwanza ni wa mapenzi, wa kumi ni wa kuomba radhi kwa kosa asilolijua, wa ishirini ni wa matusi. Saa sita anajidhuru. Jirani anamkimbiza katika zahanati, jeraha linafungwa, na anaambiwa arudi nyumbani, aache mapenzi.

Katika majuma yanayofuata mwanamke huyu hakosi tiba. Tatizo lake ni kwamba tiba ni nyingi. Mchungaji anamwombea na kumtaka aamini kwamba amepona. Mshauri nasaha wa shirika fulani anamsikiliza kwa saa moja kila Jumanne na kumhimiza asimulie utoto wake, na kila Jumanne jioni anarudi chumbani akiwa kidonda kibichi. Daktari anampa vidonge vya unyogovu. Shangazi yake wa kijijini anajua mzee mmoja wa mitishamba. Hakuna hata mmoja kati ya hawa mwenye nia mbaya, na pengine kila mmoja ana kitu cha kweli mkononi. Lakini mchungaji amesema vidonge ni ishara ya imani haba. Daktari hajui kwamba kuna mshauri. Mshauri hajui kwamba vidonge viliachwa wiki mbili zilizopita. Mgonjwa naye, kwa tabia ya ugonjwa wake, anamwona mmoja kuwa malaika na mwingine kuwa shetani, na anawabadilishia vyeo hivyo kila mwezi. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa manahodha hata hawajui kwamba wamo chomboni pamoja.

Huo ndio mchanganyiko wa tiba uliopo Riruta leo, na katika mitaa mingine mingi. Kwa hiyo swali kwamba tiba zichanganywe au zisichanganywe halina maana kubwa. Zinachanganywa tayari. Linalobaki ni kuuliza nani anazichanganya, kwa mpango gani, na kwa lugha ipi.

Dayalektiki nje ya darasa la fasihi

Msomaji aliyepitia somo la nadharia za uhakiki anaijua dayalektiki kupitia mlango wa Hegel na Marx: wazo hukutana na kinyume chake, na mgongano huo huzaa jambo la tatu. Ni vigumu kufikiria kwamba neno hilo hilo lingetumika katika wodi ya wagonjwa wanaotaka kujiua. Ndivyo ilivyokuwa. Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alianza na tiba ya tabia peke yake, yaani kumfunza mgonjwa abadilike hatua kwa hatua. Wagonjwa waliikataa. Walisikia kwamba wao ndio kosa. Alipogeuka na kuwapa ukubalifu mtupu, yaani kuwaambia kwamba hisia zao zina maana na wao wanatosha jinsi walivyo, walikasirika vilevile, kwa kuwa maumivu yao yalibaki palepale. Akaamua kuyashika yote mawili kwa wakati mmoja: unatosha jinsi ulivyo, na huna budi kubadilika. Upande wa mabadiliko ulitoka katika maabara ya tabia. Upande wa ukubalifu ulitoka katika utawa wa Zeni wa Ubudha, ambao aliufanyia mazoezi mwenyewe. Majaribio ya kwanza ya tiba hii, iitwayo hapa tiba ya kidayalektiki ya tabia, yalichapishwa mwaka 1991, na kitabu chake kikuu kikatoka mwaka 1993. Mwaka 2011, akiwa tayari mtaalamu mashuhuri, Linehan alisimama hadharani katika hospitali ya Hartford alikolazwa mwaka 1961 akiwa na umri wa miaka 17, akaeleza kwamba yeye pia alipitia njia hiyo ya kujidhuru na kutaka kufa.

Tiba yenyewe ina sehemu nne. Mgonjwa hukutana na mtabibu wake ana kwa ana mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki huingia pia katika kikundi kinachofanana na darasa kuliko maungamo, ambako hufunzwa stadi: kuuzingatia wakati uliopo, kustahimili dhiki bila kuizidisha, kutawala hisia, na kusema haja yako bila kumvunja mwenzako wala kujivunja mwenyewe. Kati ya vikao anaweza kumpigia mtabibu simu ili akumbushwe stadi anayoihitaji papo hapo. Sehemu ya nne ndiyo inayosahauliwa na wengi: matabibu wenyewe hukutana kila wiki kushauriana, maana wao pia huchoka, huudhika na kugawanyika. Aghalabu mpango huu huchukua mwaka mzima.

Ndani ya vikao kuna utaratibu wa vipaumbele usiovunjwa. Kwanza huzungumzwa yale yanayohatarisha uhai. Pili, yale yanayoharibu tiba yenyewe, kama vile kutofika. Tatu ndipo yafuate mengine: kazi, kodi ya nyumba, mapenzi. Jeraha la utotoni halifukuliwi mpaka mgonjwa awe na pa kushika. Mshauri wa Jumanne katika mfano wa hapo juu alikosea mpangilio, si nia.

Chombo kimoja cha tiba hii kinastahili kuangaliwa kwa karibu na wanafunzi wa fasihi, kwa sababu ni uchambuzi wa msuko. Mgonjwa akijidhuru, yeye na mtabibu hukaa wakaunda mnyororo wa matukio, pingili kwa pingili. Msusi wa Riruta angeulizwa: simu ya kwanza ilipokosa kupokewa, mwili ulihisi nini? Wazo gani lilipita? Ulikuwa umekula? Ulilala saa ngapi usiku uliotangulia? Kati ya ujumbe wa kumi na wa kumi na moja, nini kilibadilika? Haulizwi "kwa nini ulifanya hivyo?", swali ambalo katika malezi ya wengi si swali bali ni karipio. Anaulizwa "kisha ikawaje?", swali la msikilizaji wa hadithi. Kila pingili iliyopatikana ni mahali ambapo usiku ule ungeweza kugeuka.

Kuchanganya si kurundika

Tiba ya Linehan si ya pekee. Jijini London, Anthony Bateman na Peter Fonagy walibuni tiba inayomzoeza mgonjwa kujiuliza nini kimo akilini mwake na mwa mwenzake kabla ya kuhukumu: simu haikupokewa kwa sababu sipendwi, au kwa sababu betri imekwisha? Otto Kernberg wa New York alijenga yake juu ya yale ambayo mgonjwa humhamishia mtabibu. Jeffrey Young aliunda tiba ya skima, ambayo tangu mwanzo iliokota kutoka shule kadhaa. Kwa muda mrefu wafuasi wa kila shule walibishana kama mashabiki wa kandanda.

Ubishi huo ulipunguzwa makali na matokeo ya utafiti. Mwaka 2009 Shelley McMain na wenzake mjini Toronto walitoa ripoti ya wagonjwa 180, nusu wakipewa tiba ya kidayalektiki na nusu huduma ya kawaida ya kiakili iliyopangwa vizuri na kutolewa na watu wanaoujua ugonjwa huu. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na hayakutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Somo linalojitokeza ni kwamba mpango thabiti, mtabibu asiyekimbia na maelezo ambayo mgonjwa anayaelewa vina nguvu kuliko bendera ya shule yoyote. Mwaka 2015 Linehan mwenyewe aliivunja tiba yake vipande, akawagawa wanawake 99 katika makundi matatu ili aone kipande kipi hubeba mzigo. Majaribio ya kujiua yalipungua katika makundi yote, lakini kwa kujidhuru na unyogovu, makundi yaliyopata mafunzo ya stadi yalifanya vizuri kuliko lile lisiloyapata. Mwaka 2022 Arnoud Arntz na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 495 katika nchi tano. Tiba ya skima iliyounganisha vikao vya kikundi na vya mtu mmoja mmoja ilishinda ile iliyotegemea zaidi kikundi, na ilishinda pia huduma ya kawaida. Huu ni ushahidi wa wazi kwamba muungano uliopangwa hulipa.

Mtaalamu aliyeeleza vyema jinsi ya kupanga muungano huo ni John Livesley wa Kanada. Kwa maoni yake, mtabibu asianze kwa kuchagua shule. Aanze kwa kuuliza mgonjwa amefika wapi safarini: usalama kwanza, kisha kutuliza tufani, kisha kudhibiti hisia, kisha kuchunguza na kubadilisha mizizi, na mwisho kujenga nafsi moja iliyoungana. Kila kituo kina chombo chake. Stadi za Linehan zinafaa vituo vya mwanzo, tiba za kuchimba ndani zinafaa vya baadaye. Dawa nazo hutibu unyogovu au kukosa usingizi kunakoandamana na ugonjwa, ila hakuna hata moja iliyothibitika kuuponya ugonjwa wenyewe. Kutokana na maelezo haya, kuchanganya ni jambo la wakati na mpangilio. Kurundika ni kumpa mgonjwa kila kitu siku moja na kumwachia ajipangie.

Kuna sababu ya kutokata tamaa, ingawa hata baadhi ya matabibu hawaijui. Mary Zanarini wa Hospitali ya McLean nchini Marekani aliwafuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa. Ripoti yake ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba katika miaka kumi, asilimia 93 walifikia kipindi cha angalau miaka miwili bila kutimiza vigezo vya ugonjwa. Waliopata pia kazi ya kudumu na uhusiano mwema na watu walikuwa nusu. Dalili huondoka mapema kuliko upweke.

Yaliyomo Riruta

Hospitali kuu ya umma ya magonjwa ya akili nchini, Mathari, ilianza kazi hiyo mwaka 1910 chini ya utawala wa kikoloni. Iko upande wa Barabara ya Thika, na kutoka Riruta mtu hulazimika kuingia katikati ya jiji kisha kupanda gari jingine. Umbali wa kilomita si mkubwa kama umbali wa aibu. Katika lugha ya mtaani, kutajwa kwa Mathari ni tusi, na msusi akionekana huko wateja wake watamkimbia.

Palikuwa pia na kizuizi cha sheria. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Kwa mgonjwa ambaye dalili yake mojawapo ni hiyo hiyo, mlango wa zahanati ulifanana na mlango wa kituo cha polisi, na familia zilijifunza kusema kwamba ameanguka jikoni. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Uamuzi huo una uzito mkubwa kwa tiba ya mazungumzo kuliko dawa yoyote mpya, kwa sababu mnyororo wa matukio hauwezi kuundwa na mtu anayeficha pingili ya mwisho.

Je, stadi hizi zinaweza kufundishwa na mtu asiye daktari? Ushahidi wa karibu ulitoka Nairobi yenyewe. Mwaka 2017 Richard Bryant na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 421 wa vitongoji vya jiji hili waliowahi kutendewa ukatili. Nusu yao walipewa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano tu, ulioendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii, si madaktari. Mpango huo wenyewe ni mchanganyiko: kupumua polepole ili kutuliza mwili, kutatua tatizo hatua kwa hatua, kurejea shughuli zilizoachwa, na kuimarisha uhusiano na watu wa kutegemewa. Dhiki yao ilipungua kuliko ya wenzao waliopewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Ieleweke kwamba mpango huo haukulenga ugonjwa wa nafsi ya mpakani, na vikao vitano haviwezi kushika nafasi ya mwaka mzima. Unachothibitisha ni kidogo lakini ni cha thamani: stadi zinaweza kutoka kliniki zikaingia mtaani bila kuharibika njiani.

Tangu mwaka 2023 serikali imewasajili wahudumu hao upya kama wahamasishaji wa afya ya jamii, takriban laki moja nchini kote, wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba. Riruta ina vilevile vyama vya akina mama vya kuwekeza ambavyo tayari hukutana kwa siku maalumu, kwa ada, kwa kanuni na kwa faini ya mchelewaji. Aliyebuni kikundi cha stadi huko Seattle hakupata nidhamu ya bure kama hiyo. Chama hakiwezi kuwa hospitali, na haifai siri za mgonjwa zimwagwe mbele ya mtu anayemdai. Hata hivyo, muundo wa kukutana, kuripoti na kupewa kazi ya wiki ijayo ni muundo ambao wakazi wanaujua. Kisichokuwepo ni ile sehemu ya nne: meza ambapo mshauri, daktari, muuguzi wa kituo cha afya na, kwa idhini ya mgonjwa, hata mchungaji wangekaa na kukubaliana nani anashika usukani mwezi huu. Meza hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji manahodha wakiri kwamba wako wengi.

Kazi ya lugha

Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya tiba ya vikundi katika vijiji 30 vya kusini mwa Uganda. Kabla ya kutibu chochote waliwauliza wanakijiji wanaiitaje huzuni inayolemaza. Walipewa maneno mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubaziga, yaani kujihurumia. Tiba ikajengwa juu ya maneno hayo. Hakuna sababu ya Riruta kukosa hatua hiyo.

Kiswahili kimejaliwa utajiri ambao mwalimu wa stadi za hisia angeuonea wivu. Hasira si ghadhabu, na ghadhabu si hamaki: ya kwanza huweza kukaa, ya mwisho hufumuka na kuzimika. Kinyongo ni hasira iliyolala. Huzuni, simanzi na majonzi hupimana kina. Aibu, haya, soni na fedheha hutofautiana kwa kumuuliza mtu ni nani aliyemwona. Mgonjwa anayejua neno moja tu, "nimekasirika", ana jibu moja tu. Akiweza kusema kwamba alianza kwa hofu, ikawa fedheha, kisha ikavaa ngozi ya ghadhabu, amekwisha kupata pingili tatu za mnyororo. Tatizo ni kwamba msusi wa miaka 24 huenda hana maneno hayo. Anayo ya Sheng, ya lugha ya mama, na Kiingereza cha shule. Atasema "roho inaniuma" au "nafikiria sana", na mtabibu aliyefunzwa kwa Kiingereza ataandika "unyogovu" na kufunga faili. Faharasa ya hisia iliyokusanywa saluni, katika vituo vya matatu na katika vyama, ikilinganishwa na ile ya kamusi, ingekuwa tasnifu halali ya shahada ya uzamili na chombo cha tiba kwa wakati mmoja.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika neno ambalo ni nusu ya tiba yote ya Linehan. Ukubalifu, kwa maana yake, ni kuutazama ukweli jinsi ulivyo bila kupigana nao. Katika Kiswahili, kukubali ni pia kuafiki na kuridhia. Mwanamke aliyepigwa utotoni, akiambiwa "kubali yaliyotokea", anaweza kusikia kwamba anatakiwa kusema yalikuwa sawa. Kupokea kuna unyenyekevu uliozidi. Kustahimili kunamfundisha kuendelea kubeba. Kuridhia ni kubaya zaidi, maana humfanya mshirika wa aliyemtesa. Limebaki kukiri, neno la mahakamani na la kanisani, lenye harufu ya hatia, lakini ndilo pekee linalomruhusu mtu kusema jambo lilitokea bila kusema lilifaa. Msusi anaweza kukiri kwamba simu haikupokewa, kwamba moyo unadunda, kwamba ni saa tatu usiku na kesho kuna wateja asubuhi, bila kuafiki lolote kati ya hayo. Iwapo harufu ile ya hatia itaondoka kwa matumizi, au itamrudisha mgonjwa kwenye kizimba alichotolewa na mahakama mwaka 2025, ni jambo la kujaribiwa na vikundi vyenyewe, kwa Kiswahili chao.